Mji Mkongwe kwa Sitara: Mwongozo wa Msafiri Mpenzi wa Jinsia Moja Atokaye Bara

Miongozo mingi ya Zanzibar inayowahusu wapenzi wa jinsia moja imeandikiwa mtu wa Berlin au Toronto. Humwambia asibusiane hadharani, achague hoteli kubwa ya ufukweni, mengine yatajipa. Wewe unayetoka Sola, Maswa au Bariadi ukiufuata mwongozo huo utaumia. Mgeni akikamatwa ana ubalozi wa kumfuatilia, na mwisho wa yote hupandishwa ndege. Ndivyo ilivyokuwa Oktoba 2017: polisi walivamia kikao cha wanasheria na wanaharakati katika hoteli moja jijini Dar es Salaam wakakamata watu 13, kisha wanasheria waliotoka Afrika Kusini wakafukuzwa nchini. Wewe hufukuzwi kwenda popote. Kwenu ni hapa hapa, na jina la ukoo wako linaweza kufika Simiyu kabla hujapata wakili.

Simaanishi usiende. Mji Mkongwe ni wako kama ulivyo wa Mtanzania yeyote, na ni mji ambao kila kona ina msikiti, hekalu la Wahindu au kanisa, na mitaa ambayo Wahadhrami, Wangazija, Wahindi, Waomani na watu wa bara wamekaa ukuta kwa ukuta kwa vizazi. Ila nenda ukijua hatari yako iko wapi hasa. Kwa uzoefu wa waliopatwa na mabaya, mara chache hatari hiyo huanzia kwa askari wa barabarani. Huanzia kwenye simu yako, kwa mtu uliyekutana naye juzi, na kwa jirani wa chumba aliyeamua kupiga simu.

Kwa nini uchukue tahadhari: sheria mbili, nchi moja

Zanzibar ina Baraza la Wawakilishi lake, sheria zake za jinai na mahakama zake. Jeshi la Polisi ni moja. Ukivuka maji umehama sheria, hujahama polisi.

*Kisanduku: sheria kwa ufupi*

- Bara. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kifungu cha 154: kinachoitwa "kinyume cha maumbile" kina kifungo kisichopungua miaka 30, na kinaweza kufika maisha. Kujaribu tu, kifungu cha 155, ni miaka isiyopungua 20. Adhabu hizi nzito zililetwa na sheria ya makosa ya kujamiiana ya 1998.
- Zanzibar. Marekebisho ya 2004 yaliwataja wanawake waziwazi, jambo ambalo sheria ya zamani haikufanya, na yakafanya kuwa kosa hata kuishi na mtu wa jinsia yako kama mume na mke au kusherehekea muungano wa aina hiyo. Sheria ya Adhabu ya 2018 iliyoshika nafasi ya ile ya zamani imeyabakiza makosa haya.
- Mtandaoni. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inahusu pande zote mbili. Picha ya faragha uliyoituma inaweza kugeuzwa kesi ya ponografia, hata pale ambapo kosa jingine haliwezi kuthibitishwa.

Soma tena hilo la kusherehekea. Novemba 2018, siku chache baada ya mkuu wa mkoa wa Dar es Salaam wa wakati huo, Paul Makonda, kutangaza kikosi cha kuwasaka mashoga na kuwataka wananchi wataje majina, wanaume 10 walikamatwa katika hoteli ya ufukweni huko Pongwe, Unguja, kwa tuhuma kwamba wanafungisha ndoa. Serikali ya Muungano ilikuja kusema kampeni ile ni mawazo ya Makonda mwenyewe, lakini kwa waliokamatwa Pongwe ilikuwa imechelewa. Polisi walikwenda kwa sababu kuna raia aliyewapa taarifa. Yaliyotokea pale yanakufundisha mambo mawili: hoteli ya ufukweni haina kinga, na watu wengi wa aina moja wakikaa pamoja hutazamwa kuliko wawili.

Kabla hujatoka nyumbani

Anza na simu, maana simu ndiyo shahidi wa kwanza dhidi yako. Askari akiishika, au kijana mjanja akiipora, kila kitu kimo ndani.

1. Ondoa picha, mazungumzo na programu za kutafutana ambazo hutazihitaji. Kufuta picha pekee hakutoshi. Fungua na sehemu ya vilivyofutwa, uondoe na humo. Angalia pia nakala zinazohifadhiwa mtandaoni.
2. Weka namba ya siri ya tarakimu sita au zaidi. Zima kufungua kwa alama ya kidole au uso unapokuwa safarini. Kidole mtu anaweza kukushikisha kwa nguvu.
3. Zima maonyesho ya ujumbe kwenye skrini iliyofungwa. Wengi wameumbuka kwa ujumbe mmoja uliochomoza simu ikiwa mezani.
4. Kwenye WhatsApp weka ujumbe unaojifuta wenyewe kwa yule unayeongea naye kweli.
5. Ukitumia VPN, jua kwamba Oktoba 2023 TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ilitangaza kwamba watumiaji wa VPN wajisajili. Kuwa nayo kwenye simu ni swali jingine utakaloulizwa.

Sasa namba ya simu yenyewe. Tangu usajili wa laini kwa alama za vidole, namba yako na kitambulisho cha NIDA ni kitu kimoja. Mtu usiyemjua akiwa na namba yako, ajifanye tu anakutumia Sh 1,000 kwa M-Pesa, Airtel Money au Mixx by Yas: kabla hajaweka namba ya siri, jina ulilosajilia linamtokea kwenye skrini. Ana jina lako. Akilitia Facebook anapata picha yako, kijiji chako, shule uliyosoma na dada yako aliyekutakia heri ya kuzaliwa. Ndiyo maana hutakiwi kutoa namba mapema, hata kwa mtu mwenye maneno matamu.

Kisha tafuta watu wawili. Mmoja ni rafiki unayemwamini, anayejua ukweli wako, ambaye utamtumia ujumbe kila jioni. Kubalianeni kwamba ukikaa kimya hadi saa nne usiku aanze kukutafuta. Wa pili ni wakili. Hapa wasafiri wa bara hukosea sana: wakili wako wa Shinyanga au Mwanza, hata awe hodari vipi, hasimami mahakamani Zanzibar kwa sababu tu amesajiliwa bara. Mawakili wa visiwani wana usajili wao na chama chao. Pata jina la wakili wa Zanzibar mapema, au hifadhi mawasiliano ya Kituo cha Huduma za Sheria Zanzibar, ambacho kimekuwapo tangu miaka ya 1990. Andika namba kwenye karatasi uiweke kwenye kiatu au mkanda. Simu ikishachukuliwa, namba zilizomo ndani hazina faida.

*Orodha ya mkobani*

- Kitambulisho cha NIDA. Mtanzania hahitaji pasipoti kwenda Zanzibar, lakini utaulizwa kitambulisho unapokata tiketi ya boti.
- Msafiri kutoka Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi au Kongo: hati ya kusafiria, na bima ya safari ambayo Zanzibar inaidai kwa wageni tangu Oktoba 1, 2024.
- Dawa zako zote kwenye vichupa vyake vyenye lebo. Kama unatumia ARV au dawa za kuzuia maambukizi, beba za siku zaidi ya safari. Boti huahirishwa bahari ikichafuka.
- Kondomu, na vilainishi ukivipata. Serikali ilipiga marufuku ugawaji wa vilainishi mwaka 2016, kwa hiyo usitegemee kuvikuta huko. Mafuta ya mgando na mafuta ya nazi hupasua kondomu za mpira.
- Suruali ndefu, shati lenye mikono. Wanawake, kanga au mtandio wa kujifunikia.
- Pesa taslimu ya nauli ya kurudi, imefichwa peke yake.

Njiani

Kutoka Bariadi basi linapita Shinyanga na Singida hadi Dodoma. Wanaotaka kupunguza uchovu hushuka hapo wakapanda treni ya SGR, ambayo tangu katikati ya 2024 inaunganisha Dodoma na Dar es Salaam. Mabasi hushushia Kituo cha Magufuli, Mbezi, mbali na bandari. Ukifika usiku lala, vuka asubuhi. Boti ya mwendokasi huchukua kama saa mbili. Tiketi kata dirishani kwa kampuni yenyewe, wapiga debe wa pale nje wapitie tu.

Mkiwa wawili, kaeni kama marafiki wanavyokaa. Waswahili na Wasukuma vilevile hawashangai wanaume wawili wakishikana mikono au mmoja kusinzia begani kwa mwenzake. Kinachowafanya watu wageuze shingo ni ugomvi wa wapenzi: kununa, wivu wa ujumbe wa simu, "ulikuwa unamwangalia nani". Gombaneni nyumbani.

Kulala

Baadhi ya gesti za bara hubandika ukutani kanuni ya kukataza wanaume wawili kulala chumba kimoja, mara nyingi chini ya kanuni ya kuacha ufunguo mapokezi. Zanzibar kanuni hiyo huenda isiandikwe, lakini mapokezi wana macho. Baadhi ya nyumba za wageni za mitaani humwuliza hata mwanamume na mwanamke wa Kitanzania cheti cha ndoa. Basi usidhani umeonewa peke yako.

Fanya hivi:

1. Weka nafasi mapema, chumba cha vitanda viwili. Neno "vitanda viwili" litaje mwenyewe mapema, usingoje kuulizwa.
2. Chagua nyumba ya kati: isiwe gesti ya uchochoroni ambako mlinzi anamjua kila mtu mtaani, isiwe pia hoteli ambayo Mtanzania akiingia anatazamwa kama amepotea. Nyumba za wageni za Shangani, Kiponda na Hurumzi zimezoea watu wa kila aina na hazina muda wa udaku.
3. Kwenye kitabu cha wageni jaza ukweli: jina, unakotoka, unakokwenda, kazi, na kabila kama safu hiyo ipo. Uongo mdogo kwenye kitabu ndio unaompa askari sababu ya kukuita pembeni.
4. Vurugeni vitanda vyote viwili kabla ya mhudumu wa usafi kuingia. Taka zenu za faragha zifungeni kwenye mfuko, mtoke nazo.
5. Usimlete chumbani mtu mliyekutana usiku huo. Kitabu cha wageni hakina jina lake, mlinzi amemwona, na kesho akikudai pesa ana hoteli nzima ya mashahidi.

Kuna nyumba chache zinazomilikiwa na wageni ambazo mitandao inazisifu kuwa "rafiki". Sitazitaja. Nyumba ikishatajwa kila mahali huwa ndiyo ya kwanza kupigiwa simu polisi.

Kutembea mjini

Hapa ndipo raha ilipo. Anza Mkunazini, penye kanisa kuu la Anglikana lililojengwa kuanzia 1873 pale palipokuwa soko la watumwa. Shuka vyumba vya chini uone. Watu wa kwetu huenda Forodhani kula urojo na mishikaki wakarudi kulala, wakaacha Mkunazini. Nawaona wamekosa nusu ya mji. Pita Hamamni penye mabafu ya Kiajemi ya Sultani Barghash, ingia Hurumzi usikie kengele ya hekalu la Wahindu, teremka hadi Malindi. Beit al-Ajaib, jumba la 1883, liliporomoka upande mmoja Desemba 25, 2020. UNESCO iliuweka mji huu kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000 kwa sababu ya mchanganyiko huo huo unaouona.

Utapita pia Barabara ya Kenyatta, Shangani, penye makumbusho ya Freddie Mercury yaliyofunguliwa 2019. Alizaliwa mjini hapa Septemba 5, 1946, Farrokh Bulsara, mtoto wa Waparsi. Nje watu hupanga foleni kupiga picha. Lakini mwaka 2006 sherehe za kutimiza miaka 60 tangu azaliwe, zilizopangwa ufukweni, zilipingwa na kundi la Kiislamu la Uamsho zikafutwa, na sababu ilikuwa maisha yake ya mapenzi. Mji unaliuza jina lake na haukubali kulizungumza. Ingia, tazama, nunua fulana ukitaka. Mazungumzo ya kwa nini alikufa na alimpenda nani yaache, hasa na mtembezaji ambaye humjui.

Adabu za mji, kwa haraka. Salimia: shikamoo kwa wakubwa, salamu alaykum ukipita barazani. Kahawa ya Jaws Corner inywe, siasa waachie wenyewe. Ramadhani usile wala kuvuta sigara hadharani mchana. Usimpige mtu picha bila kumwomba. Lafudhi yako ya Kisukuma itasikika neno la pili tu, utaitwa mbara, pengine kwa utani, pengine si kwa utani; jibu kwa upole. Mtu mpole anasahaulika haraka, na wewe unataka usahaulike.

Kukutana na watu

Sehemu hii ni ndefu kwa sababu hapa ndipo watu wanapoumia.

Mtego wa kawaida uko hivi. Mtu anakuandikia kwenye programu ya kutafutana. Picha nzuri, maneno machache. Haraka sana anataka namba, kisha picha yako ya utupu "ili nijue kama ni wewe". Anapendekeza mkutane kwake, nje ya mji, Mwanakwerekwe au Fuoni huko. Ukifika unakuta mwenyeji wako, baada ya dakika kumi wanaingia "kaka zake" wawili, mmoja anajiita askari. Wanachukua simu, wanakulazimisha uhamishe pesa, wanakupiga picha. Kesho yake wanapiga simu tena. Bara mtego ni huo huo, Mwanza na Dar. Wanaojua kwamba huwezi kwenda kushtaki wanakula kwa mgongo wa sheria.

Kwa hiyo:

1. Kabla ya kukutana, ongeeni kwa video. Asiyetaka video, mwache.
2. Usitume uso na mwili kwenye picha moja. Kamwe.
3. Mkutane mchana, penye watu: Forodhani, mgahawa wa Shangani, ngazi za Ngome Kongwe. Fika mapema, mtazame akija. Akija na mwenzake ambaye hakumtaja, pita kama humjui.
4. Mwambie rafiki yako wa nyumbani unakwenda wapi na utamwandikia saa ngapi.
5. Lipa chako mwenyewe. Papasi, madalali wa watalii wa Forodhani na ufukweni, wanajua kunusa. Akianza kukuomba "ya soda", halafu "ya nauli", halafu mama mgonjwa, umeshakuwa biashara.
6. Siku ya kwanza iishie hapo hapo penye watu.

Umri usiukisie. Mtu wa chini ya miaka 18 ni mtoto kwa sheria. Ukiwa na shaka yoyote, ondoka.

*Makosa yanayorudiwa*

- Kuamini kwamba kwa kuwa mwenzako naye yumo, hawezi kukusaliti. Wengi waliotoa majina ya wenzao walikuwa wamebanwa na polisi.
- Kundi la WhatsApp la "sisi kwa sisi" lenye watu arobaini. Simu moja ikishikwa, wote mmeshikwa.
- Kulewa. Pombe ipo kwenye hoteli na baa za watalii, ulimi nao unalegea.
- Kumjibu mtu anayekutukana njiani. Vumilia, geuka, ingia dukani.

Ukitishiwa kuumbuliwa

Ukimlipa mara moja utamlipa daima. Asiyepata kitu kwa wiki mbili mara nyingi huhamia kwa mwingine, ingawa hakuna wa kukuhakikishia. Usikubali kosa lolote kwa maandishi, hata kwa kuomba msamaha. Piga picha za skrini za vitisho vyake na miamala, zitume kwa wakili, kisha uziondoe kwenye simu. Kutishia mtu ili atoe pesa ni kosa la jinai pande zote mbili, na wakili anaweza kuligeuza kesi ya wizi wa kawaida bila kufungua yale mengine. Kituoni usiende peke yako.

Ukikamatwa

1. Usikimbie, usipigane. Uliza: "Afande, nakamatwa kwa kosa gani, na kituo gani?"
2. Toa jina na kitambulisho. Baada ya hapo sema: "Nitatoa maelezo mbele ya wakili wangu." Rudia hilo hilo hata wakikukejeli.
3. Usifungue simu kwa hiari. Wakitaka, waambie wakili yuko njiani.
4. Usitie saini karatasi ambayo hujaisoma mwanzo hadi mwisho.
5. Usitaje jina la mtu mwingine.
6. Omba ndugu au rafiki ajulishwe. Bara sheria inataka mtuhumiwa afikishwe mahakamani ndani ya saa 24. Wakili wako aifuatilie saa hiyo.

Kuna jambo la aibu ambalo lazima liandikwe. Human Rights Watch imekusanya habari za watu waliopelekwa hospitali, bara na Zanzibar, kupimwa kwa nguvu sehemu ya haja kubwa ili kutafuta "ushahidi". Kipimo hicho hakina msingi wa kisayansi. Chama cha Madaktari Duniani kilikitaka kikomeshwe mwaka 2017, na Machi 2018 Mahakama ya Rufaa ya Kenya iliyoketi Mombasa ikatamka kwamba kinakiuka katiba ya nchi hiyo. Hukumu ya Kenya haimfungi hakimu wa Zanzibar, lakini wakili anaweza kuitumia. Mbele ya daktari sema kwa sauti inayosikika: "Sikubali kupimwa." Sema mara tatu, jina la daktari likumbuke. Wakikulazimisha, umesema.

Ukipigwa na raia au askari, utahitaji fomu ya polisi ya PF3 ili jeraha lako liwe ushahidi. Kwenye maelezo, "nimepigwa" inatosha. Sababu wataijua wenyewe.

Afya

Kondomu ikipasuka au ukilazimishwa, una saa 72 za kuanza dawa za kuzuia VVU, na kila saa inayopita inapunguza nguvu yake. Hospitali ya Mnazi Mmoja iko mwendo wa miguu kutoka Mji Mkongwe. Sema: "Nimepata hatari ya maambukizi jana usiku, naomba dawa za kuzuia." Muuguzi hahitaji kujua mwenzako alikuwa nani. Ukiulizwa kwa ukali, rudia sentensi hiyo. Dawa hizo humezwa siku 28 mfululizo. Ukirudi Bariadi usiziache njiani. Kujipima VVU mwenyewe kwa vipimo vya kujipimia kunaruhusiwa bara tangu sheria iliporekebishwa 2019.

Kwa wanawake

Wanawake wawili katika chumba kimoja hawaulizwi, wakitembea wameshikana hawatazamwi, na kwa hilo safari yenu ni nyepesi. Uzito wenu uko kwingine. Zanzibar sheria imewataja kwa jina. Mwanamke asiye na mwanamume pembeni anaandamwa na papasi hadi mlangoni, na akiwakataa sana huanza kumwita majina. Jibu fupi linalofanya kazi ni "mume wangu anakuja", liwe kweli lisiwe. Na ndugu wa kike unayefuatana naye katika safari ya familia ndiye msomaji wa kwanza wa simu yako. Ya kule juu kuhusu simu yanakuhusu mara mbili.

Kama unataka mji wa kale ambao sheria yake haikuwindi

Watu wetu hudhani hadi uende Ulaya. Msumbiji, jirani yetu wa kusini, ilifuta adhabu ya "maovu kinyume cha maumbile", iliyorithiwa kutoka sheria ya Wareno ya 1886, pale kanuni mpya ya adhabu ilipoanza kutumika katikati ya 2015. Na Msumbiji ina mji ambao Mzanzibari akishuka atadhani amerudi kwao: Kisiwa cha Msumbiji, Ilha de Moçambique, katika mkoa wa Nampula. Kiliwahi kuwa mji mkuu hadi 1898. Jina lake linasemekana limetokana na Musa bin Bik, mtawala Mwislamu wa kabla ya Wareno. Upande mmoja nyumba za mawe, upande wa pili mji wa makuti. Ngome ya São Sebastião, kikanisa cha 1522 ncha ya kisiwa, misikiti, hekalu la Wahindu. UNESCO walikitambua 1991, miaka tisa kabla ya Mji Mkongwe. Ni kidogo, kama kilomita tatu kwa urefu, na daraja linakiunganisha na bara.

Sheria kuondoka si watu kubadilika. Lambda, shirika la wapenzi wa jinsia moja la nchi hiyo, limeomba usajili miaka mingi bila kuupata. Kisiwani watu wengi ni Waislamu wacha Mungu, na adabu ni zile zile za Mji Mkongwe: mavazi, salamu, faragha. Tofauti ni kwamba ukikosana na mtu hapo, hana kifungu cha miaka 30 cha kukutishia nacho. Cape Town iko mbali na ina zaidi. Ndoa zimeruhusiwa Afrika Kusini tangu Novemba 2006, na mtaa wa De Waterkant uko jirani kabisa na Bo-Kaap ya Waislamu. Ujambazi ni mwingi na chuki dhidi ya Waafrika wageni ipo. Februari 2025 imamu Muhsin Hendricks, aliyejitangaza waziwazi kuwa shoga na kufundisha Waislamu wenzake huko Cape Town, aliuawa kwa risasi Gqeberha.

Uganda, yenye sheria ya 2023 ambayo mahakama ya katiba iliibakiza kwa sehemu kubwa Aprili 2024, sishauri hata kupita. Kenya ina kifungo cha hadi miaka 14 kwenye vitabu. Rwanda na Kongo hazina sheria inayolifanya kuwa kosa.

Ukienda Ilha, usipitie Mtwara kwa barabara. Njia hiyo inakatiza Cabo Delgado, ambako vita vinaendelea tangu Oktoba 2017. Tafuta ndege hadi Nampula, hata kama ni kwa kuunganisha Maputo, kisha panda chapa, daladala ya huko, hadi kisiwani; ondoka mapema, maana magari yakishajaa jioni hayapatikani. Jifunze Kireno cha kuombea chumba: *duas camas*, vitanda viwili.